Nilikufundisha Kunitazama Usoni

Mwanangu Minza,

Mambo ya soksi nene, pasi ya kusafiria na namna ya kukunja koti mama yako ameyasema tangu Jumapili, mpaka majirani zetu hapa Butimba wanaweza kusafiri kwa niaba yako. Mimi sina la kuongeza huko. Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaificha, kwa sababu nikiificha utadhani ni huzuni ya kuagana. Huzuni ipo, lakini itangoja zamu yake.

Sasa hivi uko barazani unasukwa, na ninasikia mnavyocheka. Mimi nimejifungia chumbani kwenye meza yangu ya madaftari. Nimemwambia mama yako kwamba nasahihisha. Hajaamini, maana shule zimefungwa, lakini ameniacha.

Unaijua kazi yangu. Nimefundisha Baiolojia sekondari tangu kabla hujazaliwa, na muda wote huo nimefundisha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa. Watoto wanatoka shule ya msingi wakiwa wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, nyumbani wanasema Kisukuma au Kijita au Kikerewe, halafu wanaingia kidato cha kwanza, unasimama mbele yao unawaeleza usagaji wa chakula kwa lugha ambayo hata ruhusa ya kwenda chooni hawajui kuiomba. Nilifanya wanavyofanya walimu wengi. Nasema kwa Kiingereza, naona macho yamekufa. Nashusha sauti, naeleza kwa Kiswahili, macho yanafufuka. Nikimwona mkuu wa shule anapita dirishani, napandisha sauti na kurudi kwenye Kiingereza, na darasa zima linajua kwa nini. Na mtoto akikamatwa anaongea Kiswahili uwanjani, nilimvika kibao shingoni, mimi mwenyewe, nikamwambia ni kwa faida yake. Nilimwambia dunia itamdai Kiingereza.

Basi dunia ikadai, na ikamdai mwanangu. Wewe ulisoma kwa Kiingereza kidato cha kwanza mpaka cha sita. Mitihani ya taifa uliandika kwa Kiingereza, ukafaulu mpaka nikatembea kifua mbele Nyamagana nzima, nikisalimia hata watu nisiowajua. Chuo cha ng'ambo kikakukubali. Wakasema nafasi yako ipo, ila kwanza uwaonyeshe kwamba unajua Kiingereza.

Nilicheka, nikidhani ni jambo la barua tu. Nikaenda kwa mkuu wa shule yako ya zamani, akaandika vizuri kwamba kwa miaka yako yote pale masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, akagonga muhuri. Tukaipeleka. Jibu likaja kwa adabu nyingi, na adabu ile ndiyo iliyonichoma. Walishukuru. Walisikitika. Walisema wana orodha ya nchi ambazo wanafunzi wake hawahitaji mtihani wa Kiingereza, na nchi yetu haimo. Nililisoma jibu lile nimesimama, nikaliacha, nikalirudia. Nchi imewafundisha watoto wake kwa lugha ya watu wengine, imewavika vibao shingoni kwa ajili ya lugha hiyo, na wenye lugha wanasema hawana uhakika kama tuliwahi kukutana. Hasira hasara, wanasema. Waache waseme. Mimi nilikasirika na sijajuta.

Kilichonikasirisha zaidi kilikuja baadaye. Mwenzako mliyekaa naye dawati moja, binti wa mwalimu wa Jiografia, aliomba chuo kingine katika nchi hiyohiyo. Naye alipeleka barua ya shule, ya mkuu yuleyule, muhuri uleule. Wakamwambia inatosha, karibu. Siku baba yake aliponihadithia ofisini, nililazimika kutoka nje. Kumbe kila chuo kina mlango wake, na mimi sikubisha hata mmoja wa pili. Ningeweza kuwauliza kama kuna njia nyingine. Ningeweza kukuambia uombe vyuo viwili zaidi. Sikuuliza, kwa sababu mimi ni mtumishi niliyezoea waraka: ukishaletwa, unasaini kwamba umeusoma na unautekeleza. Nilikichukulia chuo kama wizara. Lile lilikuwa kosa langu, si lako, na lilikupeleka Dar es Salaam kufanya mtihani ambao pengine haukuwa lazima. Watu wakikuambia kitu ni lazima, mwanangu, waulize ni lazima kwa nani. Uliza hata kama wamekunja uso.

Ukaenda Dar, ukarudi, na majibu yakatoka. Kusoma, juu. Kuandika, juu. Kusikiliza, juu. Kuzungumza, chini ya kiwango cha chuo. Kwa kidogo sana, lakini chini. Nilikuuliza ilikuwaje ukasema, “Sijui, Baba,” ukiangalia mkeka. Mama yako ndiye aliyekutoa maneno siku ya pili mkichambua dagaa, na yeye ndiye aliyeniambia.

Kwamba mlango ulipofunguliwa ulimkuta mtahini, mzee wa Kizungu mwenye mvi, na kabla hujafikiri goti lako lilikuwa limeshashuka. Ukamwamkia kwa Kiingereza, ukabaki hivyohivyo ukingoja aitikie. Yule mzee akashtuka, akauliza kama umeumia. Ukakaa, ukaweka mikono mapajani, macho ukayaweka kwenye meza. Kila alipouliza ulijibu kifupi na kunyamaza, ili usimchoshe mtu mzima kwa maneno. Akakuuliza jambo unalolifanya vizuri, ukasema si wewe, ni walimu wako na wazazi. Akakuambia endelea, ukasema, “Ni hayo tu.” Akangoja. Na wewe ukangoja, kwa sababu mkubwa hajasema neno.

Nilipomaliza kusikia nilienda nyuma ya nyumba nikasimama kule kwenye banda la kuku. Kila kitu ulichokifanya mle ndani nilikufundisha mimi. Na kabla yangu alikufundisha mama yangu kule Kisesa, yule ambaye umebeba jina lake, aliyekuwa akisema Minza mdogo anapiga goti vizuri kuliko watoto wote wa ukoo. Palepale penye lugha ulipewa alama za chini kwa malezi. Wao wamekaa wanapima Kiingereza, wanakuta mtoto aliyelelewa, wanaandika kwamba hajui kuongea.

Bibi yako alipoelezwa, aliuliza, “Kwani huyo mzee kwao hana wa kumwamkia?” Akamwonea huruma. Mimi sikumwonea.

Tukaamua urudie mtihani. Mwalimu wa kulipia sikuona sababu, kwa kuwa Kiingereza unacho. Ulichokosa ni ujeuri, na ujeuri nikasema nitakufundisha mwenyewe. Unakumbuka. Viti viwili sebuleni, kimoja mkabala na kingine, mimi nimevaa koti la harusi ya baba yako mdogo na tai. Mama yako alikuwa akipita na beseni na kuniita Mzungu wa Kisesa. Sheria zilikuwa nne: usipige goti, usiseme shikamoo, nitazame usoni, na usinyamaze mpaka nikunyamazishe.

Hukuweza. Wiki ya kwanza ulitazama kifungo cha shati langu. Nikasema si kifungo, macho. Ukapandisha mpaka kwenye kidevu, ukakwama hapo. Nikagombeza. Nilikuwa nakupigia kelele, “Nitazame!” kwa mdomo uleule uliokuwa ukikuambia ulipokuwa mdogo, “Usinikodolee macho, mimi si mwenzako.” Siku moja ulitoa machozi, na mama yako akasimama mlangoni na mwiko, akasema kama ni hivyo basi mtoto asome hapahapa nchini. Nikamjibu vibaya. Ukweli ni kwamba sikuwa nakukasirikia wewe. Nilikuwa naubomoa ukuta nilioujenga kwa miaka, kwa amri ya watu ambao hawakuwahi kufika kwangu, na kila tofali lilikuwa na alama ya mkono wangu.

Halafu ukaweza. Sijui ilikuwa siku gani. Nilikuuliza swali la kawaida kuhusu chakula cha kwenu, ukaniinulia macho, na macho hayo hayakurudi chini. Ukaongea juu ya sato wa kukaanga na ugali wa muhogo mpaka nikasikia njaa. Nilifurahi. Nikadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza, maana ujeuri hauna swichi. Ulianza kuutumia mezani. Nilisema kitu kuhusu wanafunzi wa siku hizi na uvivu wao, jambo ambalo nimelisema nyumba hii miaka yote bila kupingwa, na wewe ukaweka kijiko chini ukasema kwa sauti ya kawaida, “Baba, mimi sikubaliani na wewe.” Mama yako alibaki na bakuli hewani. Nilikasirika, Minza. Nilikasirika na sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na somo limeeleweka. Ukatoa sababu zako, na zilikuwa nzuri. Nikasema tule, chakula kinapoa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonikalisha mezani hapa.

Ile sehemu ya mtihani ambapo unapewa mada, unafikiri kidogo, halafu unaongea dakika mbili bila kukatizwa, tuliifanya kila jioni kwa maswali ya kile kitabu cha mazoezi. Mimi nilikuwa nafungua ukurasa wowote. Siku ile nikafungua, nikasoma bila kufikiri: eleza siku ambayo ulisema jambo muhimu na mtu hakukusikiliza. Nikaweka simu mezani ihesabu dakika. Ukafikiri. Ukaniinulia macho, ukaanza, kwa Kiingereza. Naliandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo lilivyonikaa kichwani.

Ulisema ulikuwa likizo Kisesa kwa bibi yako. Ulisema Bibi alikuwa na kidonda mguuni, alikuwa anakifunga kwa kipande cha kanga na kushusha gauni ili mtu asione, na akakukataza kusema. Ulisema ulimsikia usiku akizungumza na mguu kama mtu anayembembeleza mtoto. Siku hiyo wanaume wa ukoo walikuja kwa kikao cha shamba, na baba yako, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyekuwa anakiongoza. Ukaja mlangoni, ukapiga goti, ukasema, “Baba, mguu wa Bibi unanuka.” Baba yako akasema, “Kalete maji ya kunawa, wageni wale.” Ukaleta. Ukamwagia kila mmoja mikononi. Ukadhani baada ya chakula atakuita. Hakukuita. Jioni akapanda gari akarudi mjini. Mvua zilipoanza, Bibi alikatwa mguu chini ya goti, na daktari akasema sukari ilikuwa juu siku nyingi na kidonda kililetwa kimechelewa.

Uliongea bila kigugumizi. Hukutafuta neno hata moja. Ulikuwa unanitazama machoni kama nilivyokuagiza, na mimi ndiye niliyetafuta kifungo cha shati. Ukamaliza kwa kusema, “Baba yangu ni mtu mwema. Hakunisikia, kwa sababu watoto kwetu hawasikiki.”

Simu ikalia. Na mimi nikafanya nini? Nikasema ufasaha mzuri, mpangilio mzuri, umezidisha muda kidogo. Nikakuambia neno la kidonda hulitamki sawasawa, nikakutamkia, ukalirudia. Ndiyo, ulilirudia. Nikavua koti nikaenda kuwafungia kuku.

Hatujalisema tena. Ukaenda Dar mara ya pili, na safari hii Kuzungumza kukawa ndiko kulikopanda kuliko vyote. Tulichinja jogoo. Watu wakaja kunipongeza, eti mwalimu amefundisha. Nikawapokea mikono. Una cheti sasa, ambacho baada ya miaka miwili hakihesabiki, kana kwamba lugha nayo huchacha kama maziwa. Kesho unaondoka nacho. Na mimi nimebaki na dakika zako mbili, ambazo nimeshindwa kuzipa alama.

Nimejaribu kuwakasirikia wao peke yao. Ningependa sana. Orodha yao inaniudhi hata leo, na ukifika huko ukapata nafasi ya kuwauliza imetungwa na nani, waulize na mimi. Lakini kila nikiwakasirikia, najikuta narudi kwenye kiti kile cha sebuleni. Miaka yote hiyo ulikuwa na jambo la kuniambia, na ilibidi kitabu cha kigeni kikuulize ndipo useme, kwa lugha ambayo ndani yake mimi si baba yako, ni mtahini tu aliyevaa tai. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeziba kila tundu. Kwa Kisukuma vilevile. Ulipata upenyo mmoja tu, na upenyo huo niliufungua kwa bahati mbaya, nikitafuta alama.

Na kuna jambo moja katika maelezo yako ambalo si kweli, na ndilo ambalo nilipaswa kulisahihisha badala ya matamshi ya kidonda. Ulisema sikukusikia.

Nilikusikia, Minza. Nilisikia neno kwa neno, na baba zako wadogo walisikia, maana mmoja wao aligeuka kunitazama. Na harufu yenyewe nilikuwa nimeshaisikia nilipoinama kumsalimu mama asubuhi ile, nikajiambia ni ngozi za mbuzi. Nilikutuma maji kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mkubwa, na nisingekubali ionekane mbele ya ndugu zangu kwamba habari za mama yangu mzazi naletewa na mtoto wa kike aliyepiga goti mlangoni. Nikasema nitarudi kimyakimya wiki ijayo nimpeleke hospitali mwenyewe, lionekane wazo langu. Wiki iliyofuata kulikuwa na mitihani ya nusu muhula. Wiki nyingine kulikuwa na jambo jingine. Umenitetea mbele ya mtahini kwa kusema sikusikia, na utetezi huo sistahili.

Kwa hiyo huko uendako, ukisema jambo kisha mtu mwenye kiti akatazama pembeni na kukutuma kitu, usikimbilie kuamini kwamba Kiingereza chako hakikutosha, wala kwamba hakusikia. Huenda amesikia vizuri sana. Kalete hicho alichokutuma ukipenda, halafu rudi useme tena, kwa sauti, wenzake wakiwepo. Laiti ungerudi siku ile. Lakini mtoto angerudije, na mimi nilikuwa nimemlea asirudi? Hapo ndipo hasira yangu inapoishia kila ninapoianza, na hakuna chuo wala mtihani pale. Nipo mimi.

Mchana huu, ulipokuwa umekwenda mjini na mama yako, niliingia kile chumba tulichompa Bibi hapa kwetu tangu alipokatwa mguu, nikamwambia yote, kwa Kisukuma, kama nilivyoyaandika hapa. Alikuwa amekaa kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kanga akafunika pale mguu ulipoishia, akageukia ukutani. Hajanijibu. Akinijibu, utakuwa umeshaondoka, na sijui kama nitakuwa na ujasiri wa kukuandikia alichosema.

Kesho uwanja wa ndege kutakuwa na watu. Shangazi zako watakuja na maua ya plastiki, mama yako atalia, na mimi najijua, nitazungumza habari za uzito wa mabegi. Usinikubalie. Barua hii utakuwa umeisoma, nitaiweka juu ya nguo zako asubuhi kabla hujafunga begi. Njoo mbele yangu, simama, nitazame, uniambie lolote ulilonalo juu ya siku ile ya Kisesa, kwa Kiswahili, mbele ya hao wote. Nikikutuma maji, kataa.

Ni mimi,
Baba yako